Huruma Iliyomchosha Mama Trei

“Hivi jirani, wifi yako amefilisika?”

Niliulizwa swali hilo asubuhi, mikono yangu imo ndani ya povu la sabuni, na muulizaji amepanda juu ya ndoo upande wa pili wa ukuta ili kichwa chake kionekane. Jirani yangu huyo ni fundi cherehani, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha sala cha akina mama. Ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele nitamlalamikia sana, na sipendi kumsema mtu bila kutaja kwanza wema wake.

“Hajafilisika,” nikamjibu. “Ameuza gari, amenunua baiskeli.”

“Si ndiyo hicho nilichouliza?”

“Baiskeli ya umeme, jirani. Ya kubebea mizigo.”

“Shoga yangu, baiskeli ni baiskeli. Hata ukiivisha shela haiwi bibi harusi.” Akatikisa kichwa, ndoo ikayumba, akashuka. Nikasikia sauti yake ikitokea chini ya ukuta: “Basi tutamweka kwenye maombi.”

Kumwombea mtu si kosa. Lakini ukimwombea mtu mzima mwenye afya na kazi yake kana kwamba yu mahututi, na ukamtangaza mtaa mzima, hapo unamtengenezea ugonjwa.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Watu wote wanamwita Mama Trei kwa sababu ya trei za mayai. Alianza kuuza mayai tangu ujana wake, akiyabeba kwenye kikapu chenye pumba ndani, mlango hadi mlango. Baadaye akapata wateja wa kudumu: maduka ya mtaani, mama mwenye mkahawa karibu na stendi, na mteja mmoja mkubwa kuliko hao wote wakiwekwa pamoja, mzee mwenye bekari iliyoko juu ya mlima. Bekari ile ndiyo inayomlisha. Hao wengine wanamnunulia chumvi.

Ukitaka kumjua wifi yangu, mtazame anapochambua mayai. Haamini macho peke yake. Anachukua mawili mawili, anayagonganisha taratibu karibu na sikio. Yai zima lina mlio mkavu kama kokoto. Lenye ufa linatoa sauti iliyochoka, kama kikombe kilichounganishwa kwa gundi. Akiwa katika kazi hiyo haongei na mtu. Mume wangu akiingia na salamu zake ndefu, anaonyeshwa kidole tu kwamba asubiri, naye anasubiri kama mtoto wa shule na mvi zake zote. Kwa sikio lile wifi alisomesha watoto wake, akawaoza, na akamuuguza mume wake mpaka siku ya mwisho.

Gari lenyewe liliachwa na marehemu. Sitalisema vibaya kuliko lilivyokuwa, kwa sababu haiwezekani. Lilikuwa haliwaki mpaka liegeshwe kwenye mteremko, kwa hiyo lilikuwa likilala mbali na nyumbani, mbele ya geti la watu, na wenye geti walikuwa wakitoka na kurudi wamenuna. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Barabara zetu unazijua zilivyo: kila shimo lilidai yai lake. Mayai yakavunjika, yakapenya chini ya viti, na miaka ikapita humo humo. Harufu ile haikutoka kwa sabuni, wala kwa limau, wala kwa kuacha vioo wazi. Jua likiwa kali, abiria walikuwa wanakumbuka shida zao zote.

Na abiria walikuwepo! Gari la Mama Trei lilikuwa gari la ukoo. Mgonjwa alipanda, magodoro yalipanda, saruji ilipanda, shangazi wa kutoka safari alipanda na vifurushi vyake. Hakuna aliyesifu gari lile hata siku moja. Lakini siku lilipouzwa kwa fundi gari alifungue apate vipuri, ukoo mzima ulilia kama umefiwa tena. “Ameuza kumbukumbu ya mume wake!” walisema.

Wifi akawajibu, “Kumbukumbu gani? Marehemu mwenyewe alikuwa analitukana kila asubuhi kabla hajanywa chai.”

Baiskeli aliiona kwanza kwa muuza maji ya chupa, akamfuata mpaka akaruhusiwa kuikalia. Ni ndefu kuliko kitanda changu. Mbele, kati ya usukani na gurudumu, kuna sanduku pana. Wifi alikata sponji ya godoro kuukuu akalitandika ndani, trei zikakaa humo zimebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Chini ya kiti kuna betri inayofunguliwa kwa ufunguo. Jioni anaichomoa, anaingia nayo ndani ameikumbatia, anailaza juu ya kitambaa pembeni ya kabati la vyombo na kuichaji. Hakuna ruhusa ya mtu kuweka kikombe juu yake. Unapokanyaga pedali, mota inakusaidia, na mlima unausikia kama njia tambarare yenye kiburi kidogo. Kwa kifupi, mtu wa kukusukuma tayari yumo humo ndani. Hahitaji wenzake.

Mume wangu alipoiona alishika kiuno.

“Dada, watu watasema mimi nipo, na wewe unakanyaga baiskeli.”

“Si ni kweli? Upo, na mimi nakanyaga.”

“Kwa umri huu, dada!”

“Umri huu ndio magoti yanapotaka msaidizi. Huyu hapa nimempata. Gari lilikuwa linataka nilisaidie mimi.”

“Nitakutafutia gari jingine.”

“Mdogo wangu, usinitafutie. Nilikuwa nalo.”

Mayai yakaacha kuvunjika. Mzee wa bekari, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung’olewa jino, alifunua sanduku siku za mwanzo, akatazama trei moja moja, akaguna. Wifi alikuja kunisimulia ule mguno kama mtu aliyepewa cheti.

Basi tungemshukuru Mungu na kunyamaza. Lakini maombi yalikuwa yameshaanza.

Mwenyekiti alipomtaja kwenye kikundi kwamba “mwenzetu amepatwa na hali”, kila mama alipeleka habari kwake nyumbani, na kila nyumba iliiongezea maji. Kufikia mwisho wa mwezi wifi alikuwa ameuza gari, ameuza kiwanja, na ana ugonjwa ambao hataki kuutaja. Muuza matunda alimpa viatu vya binti yake vilivyotumika. Mwingine alimpa mwavuli wenye mbavu zilizovunjika, akamwambia kwa sauti ya msibani, “Utakusitiri, dada.” Wifi alikuja nao kwangu akausimamisha jikoni.

“Wifi, huu mwavuli unisitiri nini? Mimi nataka anunue mayai, yeye ananipa mwavuli!”

“Alikuwa na nia njema,” nikasema.

“Na mimi nina nia njema. Mbona sigawi takataka?”

Yote hayo angeyavumilia. Lililomshinda ni mlima.

Mayai wifi anayachukua kwa wafugaji huku chini, na njia ya kutoka huko kwenda bekari inapanda taratibu, halafu inapiga kona, halafu inapanda kwa hasira. Wifi akifika hapo anaweka mota kwenye nguvu ya juu, anakanyaga polepole, mgongo umenyooka, anapanda bila kutoa jasho. Lakini mtu aliyesikia habari zake akimwona pale haoni mota. Anamwona mjane mwenye mzigo. Basi anatupa alichoshika, anakimbia, na anamsukuma kwa nyuma.

Sasa, mzigo wa baiskeli ile upo mbele. Ukiishika nyuma na kuisukuma, usukani unacheza, sanduku linapepesuka, na anayeendesha anabaki kuomba rehema. Wifi alikuwa anapiga kelele, “Acha! Acha! Inajiendesha!” Nao wanajibu, “Usiseme asante, mama, ni wajibu wetu!” Akipiga kengele wanadhani anawaita waongeze nguvu. Akisimama awaeleze, wanasema, “Pumzika, mama, pumzika, umechoka,” na mmoja anamletea maji.

“Wahenga walisema tenda wema nenda zako,” wifi aliniambia siku moja, amekaa kwenye kiti changu cha jikoni kanga imemlegea. “Hawa wema wanautenda. Ila zao hawaendi!”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Sikucheka muda mrefu, maana wiki iliyofuata yalitokea yaliyotokea.

Wajenzi wawili, wanaume wenye vifua, walikuwa wanashusha matofali pale kwenye kona. Wakamwona. Wakaja mbio. Hawakusukuma kama watu wengine, walisukuma kama wanaotoa lori kwenye tope. Baiskeli ikaruka mbele, usukani ukamponyoka, sanduku likalala ubavu. Wifi mwenyewe aliangukia kwenye mchanga, hakuumia. Mayai yaliteremka na barabara. Aliniambia kwamba jambo lililomuuma zaidi ni kusikia, kwa sikio lake lile, kila moja lilivyokuwa linapasuka.

Wajenzi wakashika vichwa. “Tulikuwa tunakusaidia, mama.”

“Najua,” akasema. “Nendeni mkasaidie matofali.”

Alifika bekari amechelewa, na trei chache zilizosalia. Mzee hakumfokea. Heri angefoka.

“Mama Trei, sikulaumu. Lakini unga wangu haujui kama mayai yalianguka au yaliangushwa. Unachojua ni kwamba hayakufika. Na kila anayekuja hapa kununua mkate ananiambia hali yako si nzuri. Mtu wa hali mbaya leo analeta, kesho haleti. Kuna bwana mmoja mwenye pikapu ameniomba kazi hii.”

“Mzee, hali yangu ni nzuri. Watu ndio wameiharibu.”

“Sawa. Wiki hii nitakuangalia. Jumamosi nikiona mambo yamekaa sawa, tunaendelea. Yakimwagika tena, Jumatatu analeta wa pikapu.”

Alikuja kunieleza hayo bila machozi, na hilo ndilo lililonitisha. Bila bekari angerudi kwenye kikapu na pumba, mlango hadi mlango, na magoti yale.

“Wifi yangu,” akasema, “mimi siuawi na umaskini. Nauawa na huruma. Mwambie mwenyekiti wako aniondoe kwenye hayo maombi.”

Nikaenda. Sijazoea kusimama mbele za watu, shule yangu iliishia ya msingi na sauti yangu ni ndogo, lakini siku ya kikundi nilisimama. Nikasema Mama Trei hana shida. Nikasema gari aliliuza kwa hiari yake, baiskeli ni bora kwa mayai, na tukimwona mlimani tumwache.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole mkubwa, kisha akawageukia wenzangu. “Mnaona? Mwenye shida ya kweli haisemi. Anamtuma wifi yake aje kuificha.”

“Kweli kabisa,” wakaitikia.

“Si kweli!” nikasema.

“Kaa, mama, kaa. Tunakuelewa. Na wewe umebeba mzigo.”

Nikakaa. Ungefanya nini? Ukisema mtu ana shida, ana shida. Ukisema hana, anaificha. Sijawahi kuona mlango wa namna hiyo, usiofunguka kwa ndani wala kwa nje.

Na hapo hapo wakatangaza walilokuwa wamepanga na mume wangu bila mimi kujua: kumrudishia Mama Trei gari lake. Lile lile! Mume wangu alikuwa ameshakwenda gereji. Fundi gari hakudai kitu. Alisema, “Lichukueni tu. Hata skrubu zake hazikubali kukaa kwenye magari ya watu. Mimi niombeeni basi.” Mume wangu alilieleza hilo kama muujiza.

“Baba watoto,” nikamwambia usiku ule, “mtu akikupa gari bure na kukushukuru juu yake, hujiulizi?”

“Wewe huna imani.”

“Imani ninayo. Ya gari lile ndiyo sina.”

Nilitaka kumwonya wifi, lakini mume wangu alinisihi nisiharibu zawadi, na nikajiambia kwamba gari halitawaka, watakata tamaa, mambo yataishia gerejini. Sikujua kikundi chetu kina misuli.

Siku waliyoichagua ni Jumamosi. Jumamosi ile ile. Nilipowakumbusha kwamba ndiyo siku mzee wa bekari anamwangalia, mwenyekiti alipiga makofi. “Basi na aone! Aone kwamba ana watu!”

Gari lilikuwa limeoshwa na kufungwa utepe mwekundu kwenye boneti. Fundi gari alijaribu kuliwasha, likakohoa, likanyamaza. Gereji iko chini kwenye tambarare. Nyumba ya wifi iko juu, kupita bekari. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mwenyekiti alifungua kamba ya mlango, akaketi kwenye usukani kwa sababu ya cheo chake, akasema, “Akina mama, tulisukume.”

Tukalisukuma. Na mimi nilisukuma, nisiseme uongo, maana mume wangu alikuwa peke yake kati ya wanawake na mgongo wake naujua. Watu wa njiani waliposikia kwamba ni gari la Mama Trei, wakaja. Muuza matunda akaja. Wale wajenzi wawili wakaja, wana hamu ya kusahihisha makosa yao. Jua lilipopanda, harufu ya zamani ikatoka chini ya viti ikatulaki. Mama mmoja aliyekuwa karibu na buti akaomba kubadilishana nafasi, hakupata wa kubadilishana naye.

Kwenye kona ya mlima gari likagoma. Ukiliacha linarudi nyuma, ukisukuma halipandi. Tukabaki tumelishikilia, hakuna wa kuachia.

“Sukumeni kwa imani!” mwenyekiti akaita kutoka dirishani.

“Imani tunayo, mama,” mume wangu akajibu, shavu lake limelala kwenye bati. “Pumzi ndiyo hatuna!”

Ndipo tukasikia kengele.

Wifi yangu alikuwa anapanda. Sanduku limejaa trei, limefunikwa turubai safi, mgongo wake umenyooka. Alituona. Aliliona gari, akalitambua, akaona na utepe. Uso wake ulipitia mambo mengi kwa muda mfupi, lakini miguu haikuacha kukanyaga. Muuza matunda akamwona akasema, “Masikini, Mama Trei, ngoja nije…” na wote tukamkemea kwa sauti moja, “Usiachie!” kwa sababu angeachia gari lingetushukia. Hakuna mkono hata mmoja uliokuwa na nafasi.

Akapita pembeni yetu, mota inaimba kidogo kama nyuki.

“Poleni na kazi,” akasema, akaenda zake.

Mzee wa bekari alikuwa amesimama mlangoni kwake juu, mikono imejaa unga, akitazama yote. Mpaka sisi tulipofika pale, hatua kwa hatua, na jiwe tukiliweka nyuma ya tairi kila tukipumzika, trei zilikuwa zimeshashushwa na kukaguliwa. Mzee alikuwa ameshika fremu ya mlango anacheka, na mimi mtu huyo sijawahi kuona meno yake.

“Mama Trei,” akauliza, “hilo ndilo gari uliloliuza?”

“Ndilo.”

“Na hawa wote?”

“Wananihurumia.”

Mzee akajifuta macho kwa kiwiko, unga ukambaki usoni. “Jumatatu lete kama kawaida. Wa pikapu nitamwambia nafasi imejaa.” Kisha akatutazama tulivyokuwa tumetapakaa ukingoni mwa barabara. “Na hawa wapeni maji. Hali yao si nzuri.”

Mwenyekiti wetu si mtu wa kuacha hotuba aliyoiandaa. Alishuka garini, akanyoosha gauni, akasema yote: kwamba sisi ni ndugu, kwamba mzigo wa mmoja ni wa wote, kwamba marehemu huko aliko anafurahi. Mume wangu alikuwa amekaa chini, amevua kiatu kimoja, hanitazami. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu wazazi wake walimlea vizuri. Nilidhani atalipuka. Mimi ningelipuka, na nina miaka mingi ya sala. Mwenyekiti akamnyooshea ufunguo wenye utepe.

Wifi hakuupokea. Alifuta mikono kwenye kanga, akaushika mkono wa mwenyekiti pamoja na ufunguo wake, akaukunja taratibu kama anavyoshika yai.

“Nawashukuru,” akasema. “Maombi endeleeni nayo, hakuna asiyeyahitaji. Hili gari naomba mlirudishe kwa fundi. Na mkiniona niko mlimani, naomba msinisukume.”